Mkate Usio na Ngano, Kule Brussels

Kama umezaliwa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, unajua kwamba mkate ni wa asubuhi pamoja na chai, na bukari ndiyo chakula. Basi utaelewa nilivyoshangaa Brussels, mwaka 2023, kuona mkate unaotunzwa peke yake kama dawa.

Jumapili ya kwanza nilihubiri katika kanisa la ndugu zetu Wakongomani. Wakati wa Meza ya Bwana, binti wa wenyeji wangu, wa miaka 16 na aliyekwisha kubatizwa, alipitisha sahani bila kuchukua mkate. Niliwaza mabaya. Nilisema moyoni, huyu mtoto anaficha jambo.

Kesho yake asubuhi nilipaka siagi kwa mkate wangu, na kisu nikakiingiza tena katika kopo lililokuwa karibu. Mama wa nyumba akasimama mbio: "Hapana, Baba Pasta! Ile ni ya mutoto!" Siagi yote ikatupwa.

Hapo nilielezwa. Binti ana ugonjwa unaoitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na segle mna gluteni, kitu kinachofanya unga uvutike na mkate uumuke. Kwake gluteni ikiingia, ulinzi wa mwili unageuka na kushambulia utumbo mwembamba, hata chakula hakimjengi tena. Makombo machache yanatosha kumdhuru. Dawa ya kumeza hakuna, ni kuacha nafaka hizo maisha yote. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye alionyesha kwamba kosa ni la ngano. Alianza kuishuku mbele ya vita. Katika njaa ya 1944-1945, mkate ulipokosekana, watoto wagonjwa wa namna hii wakapata nafuu. Aliandika habari hizo katika kitabu chake cha udaktari mwaka 1950. (Na wewe mzazi, usimkataze mtoto mkate kwa kusoma haya tu. Daktari ampime kwanza, akiwa bado anaula.)

Alasiri binti alinipeleka magazini. Rafu nzima! Mikate, biskuti, makaroni, na juu ya paketi alama ya suke la ngano lililopigwa mstari. Sheria ya Ulaya inasema gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja. Paketi ndogo ya mkate, gramu 300, ilikuwa karibu euro 4. Nikaigeuza nisome: wanga wa mahindi, unga wa mchele, wanga wa muhogo. Nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Muhogo! Ule ambao mama zetu wanaloweka na kuanika juani, huku umekatwa vipande na kufungwa katika nailoni.

Nyumbani binti akaniambia: "Choma kwanza, Baba Pasta. Ukikula hivi iko sawa na mchanga." Sikusikia, nikauma. Ni mchanga kweli, wenye sukari kidogo, unamomonyoka mdomoni. Lakini ulipochomwa, katika chombo ambacho hakichomi mkate mwingine, ulipata ganda na harufu, nikaongeza kipande cha pili. Biskuti hazina shida. Makaroni sikuyapenda.

Jumamosi tulienda Matonge, mtaa wa watu wetu kule Ixelles: sombe, makayabu, unga wa mahindi. Hata hapo binti alisoma kila mfuko, maana mashine iliyosaga ngano inaweza kuchafua unga mwingine. Usiku alikula bukari na sombe, akashiba kutushinda sisi wote.

Nikamwomba msamaha kwa mawazo yangu ya Jumapili. Akaniuliza: "Ulifikiri nilifanya nini, Baba Pasta?" Sikumjibu.

Kesho yake, Mezani pa Bwana, palikuwa na sahani mbili. Ile ndogo ilifunikwa kitambaa safi, na kipande chake kilikatwa nyumbani kwa kisu chake. Mikono yangu ilikuwa imeshika mkate wa ngano, kwa hiyo sikukigusa. Nilisema maneno, naye akafunua kitambaa, akachukua mwenyewe. Hakikuwa kimechomwa, kikamomonyoka. Alikusanya hata makombo.