Kompyuta ya Linux Ikigoma: Mshukiwa wa Kwanza London, Mshukiwa wa Kwanza Mbagala

Matatizo yanayomkuta mtu anayeanza kutumia Linux kwenye kompyuta ya mezani si mengi kama yanavyoonekana. Mashine haiwaki, au inawaka na kuishia kwenye skrini nyeusi, saa inasema uongo, intaneti haipatikani, programu mpya inakataa kuingia, printa, flashi au spika haitambuliwi, diski imejaa. Njia ya kuyatatua ni ileile popote: kukumbuka kitu gani kilibadilika mara ya mwisho, kusoma mashine inasema nini, kisha kujaribu jambo moja tu na kutazama matokeo kabla ya kugusa jingine. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia. Mtanzania anayeishi London na ndugu yake wa Mbagala, Dar es Salaam, wanaweza kuwa na kompyuta za aina moja, zenye mfumo mmoja, zikagoma siku moja. Wa London ana sababu nzuri ya kuanza kuishuku programu. Wa Mbagala ana sababu nzuri zaidi ya kuanza kuushuku umeme.

Mashine moja, umri tofauti

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika Temeke na Kinondoni ni za mtumba. Dell OptiPlex iliyomaliza miaka yake katika ofisi ya Uingereza au Dubai hufika kwenye maduka ya Kariakoo, na kutoka hapo huenda kwenye steshenari ya Tandika au sebule ya Tegeta. Mkondo huu una sababu mpya ya kuendelea. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, haina masharti hayo. Kwa hiyo mashine inayostaafishwa London huwa bado na kazi ya kufanya Mbagala.

Lakini inafika na umri wake. Ikiwashwa na kutoa milio tu bila picha, Linux haijahusika bado. Mfumo wenyewe haujaanza kusomwa. Mafundi wa Dar es Salaam huanza na RAM: umeme unazimwa, waya unachomolewa, kadi inatolewa, meno yake yanasuguliwa taratibu kwa ufutio wa penseli na kurudishwa hadi ibane. Unyevu wa pwani na vumbi la barabarani huyachafua meno hayo, na dawa hii ya bei ya ufutio huponya mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa. Mtu wa London, mwenye mashine mpya iliyokaa kwenye chumba kikavu, anaweza kumaliza miaka bila kuifungua. Anayeanza Mbagala afungue mapema.

Umeme

Kompyuta ya mezani haina betri ya kuikinga. Umeme ukikatika, inazima palepale, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika kwenye diski. London jambo hilo ni nadra. Mbagala ni la kawaida kiasi kwamba kila tatizo linalotokea asubuhi lianze na swali: je, usiku umeme ulikatika?

Dalili ya kwanza ni mashine kuwaka na kusimama kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs ndani ya mabano. Maana yake ni kwamba mpangilio wa mafaili kwenye diski umevurugika kuliko mfumo unavyoweza kujirekebisha wenyewe. Mistari iliyo juu ya neno hilo hutaja sehemu ya diski yenye hitilafu, kwa mfano /dev/sda2. Mtumiaji huandika fsck -y /dev/sda2, akitumia jina lililotajwa kwenye skrini yake na si la mfano huu, husubiri kazi iishe, kisha huandika exit au reboot. Mara nyingi mfumo hurudi na mafaili yake yote. Hali hiyo ikijirudia kila wiki ilhali umeme haukukatika, mshukiwa anabadilika: diski yenyewe inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili nyaraka mahali pengine.

Dalili ya pili huja umeme ukikatika wakati programu zinasasishwa. Baada ya hapo kila jaribio la kuingiza programu linagoma. Kwenye Ubuntu na Linux Mint dawa ni amri mbili: sudo dpkg --configure -a, ambayo humalizia kazi iliyoachwa nusu, kisha sudo apt --fix-broken install, ambayo huleta vipande vilivyokosekana. Kama ujumbe unasema faili la kufuli, yaani lock, limeshikwa na programu nyingine, hakuna kilichoharibika. Mara nyingi mfumo unajisasisha wenyewe chinichini, na subira ya dakika kumi inatosha. Wanaoanza hufuta faili hilo kwa haraka na kutengeneza tatizo ambalo halikuwapo.

London, skrini nyeusi husababishwa zaidi na usasishaji uliokamilika vizuri: kiini kipya cha Linux kimeingia na hakielewani na kadi ya picha, hasa za NVIDIA. Hapo mtumiaji huwasha upya, hubonyeza Shift au Esc mwanzoni ili kupata orodha ya kuwashia, na huchagua kiini cha zamani. Njia hiyo inafaa Mbagala pia, lakini huko ni swali la pili. La kwanza ni la umeme, na kinga yake ni UPS, hata ndogo ya kutosha dakika tano za kuzima kwa utaratibu.

Saa

Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, ya volti 3, inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa mashine inapokuwa imezimwa. Katika kompyuta ya mtumba betri hiyo mara nyingi imekwisha, na kila umeme unapokatika tarehe hurudi miaka mingi nyuma. Anayeanza haoni tatizo la saa. Anaona kwamba tovuti zote zinatoa onyo la usalama. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kuwa ni mwaka 2012 huviona vyote kuwa batili. Apt nayo hulalamika kwamba orodha za programu zimetoka wakati ujao. Kabla ya kuilaumu intaneti, tarehe iliyo pembeni mwa skrini isomwe. Amri ya timedatectl huonyesha saa ya mfumo, saa ya ndani ya mashine na kama saa inajirekebisha kwa mtandao. Dawa ya kudumu ni betri mpya.

Kuna kosa jingine la saa linaloonyesha vizuri jinsi mahali kunavyobadilisha tatizo. Mtu akiweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja, Windows huandika saa ya mahali alipo kwenye mashine, na Linux huisoma kana kwamba ni saa ya kimataifa ya UTC. London, wakati wa baridi, saa hizo mbili ni moja, kwa hiyo kosa lipo na halionekani. Hujitokeza kiangazi kwa saa moja tu. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima. Linux inaweza kuamka ikiwa saa 3 mbele, na Windows baadaye ikaamka saa 3 nyuma. Maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa London huenda yasilitaje kabisa. Amri ya sudo timedatectl set-local-rtc 1 huifanya Linux ifuate desturi ya Windows na kumaliza ubishi.

Intaneti na bando

Nyumba nyingi za London zina ruta yenye mtandao usiohesabiwa. Wi-Fi ikikataa baada ya kuweka Linux, mtu huchomeka waya kutoka kwenye ruta, hupakua draiva, na kazi imekwisha. Mbagala ruta huwa ni simu. Boksi la kompyuta ya mtumba nalo mara nyingi halina kadi ya Wi-Fi, bali kifaa kidogo cha USB kilichonunuliwa Kariakoo, ambacho draiva yake inahitaji intaneti ambayo bado haipo. Fundo hilo hufunguliwa kwa waya wa kuchajia simu: simu ya Android ikichomekwa kwenye kompyuta na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa USB, Linux huiona kama mtandao wa waya na huunganika bila draiva yoyote ya ziada. Kisha lsusb huonyesha namba ya utambulisho wa kile kifaa cha Wi-Fi. Namba hiyo ndiyo ya kutafutia draiva, kwa sababu vifaa viwili vyenye kasha moja vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Intaneti ikikatika ghafla, vipimo viwili vinatosha. Ping 8.8.8.8 ikijibu na ping google.com isijibu, njia ipo ila utafutaji wa majina ya tovuti umekwama. Zote zikikaa kimya, salio la bando litazamwe kwenye simu kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Bando lina kesi yake: linaisha bila mtu kufungua kitu. Ubuntu huja na programu za aina ya snap, ambazo kwa kawaida hukagua masasisho mara 4 kwa siku na kujipakulia zenyewe. London hakuna anayeona. Mbagala ni fedha. Amri ya sudo snap refresh --hold huzisimamisha hadi mwenyewe aamue, ingawa masasisho ya usalama yanabaki kuwa ya lazima na yapangiwe siku yake. Linux Mint, tangu toleo la 20 la mwaka 2020, haiji na snap, na faili lake la kusakinishia, karibu GB 3, ni jepesi kuliko la Ubuntu ya 2024 linalokaribia GB 6. Faili kama hilo hupitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Usakinishaji ukigoma katikati, amri ya sha256sum hutoa alama ya faili ya kulinganisha na ile iliyo kwenye tovuti ya watengenezaji. Zikitofautiana, faili lenyewe si kamili na hakuna haja ya kutafuta kosa kwingine.

Printa na flashi

Printa inayonunuliwa mpya London huunganika kwa Wi-Fi na kueleweka bila draiva. Steshenari za Dar es Salaam hutegemea printa za USB za zamani, kama HP LaserJet P1102, ambayo huhitaji nyongeza maalumu. Nyongeza hiyo lazima ilingane na toleo lililopo la HPLIP, programu inayoendesha printa za HP kwenye Linux, ndiyo maana printa iliyochapa vizuri jana hukaa kimya baada ya usasishaji. Amri ya hp-plugin huileta upya. Spika zikikosa sauti, kosa la kawaida ni kwamba sauti imeelekezwa kwenye skrini. Hubadilishwa katika mipangilio ya sauti.

Flashi iliyotoka kwenye kompyuta nyingine yenye Windows ikikataa kuandikwa, mara nyingi ni kwa sababu ilichomolewa bila kuondolewa kwa utaratibu. Hapo lsblk hutaja jina lake na sudo fsck.vfat -a ikifuatwa na jina hilo huisafisha kama ni ya mfumo wa FAT. Na pale ambapo virusi vimeficha mafolda ya mteja na kuacha njia za mkato badala yake, Linux huyaona mafolda halisi, kwa kuwa haijali alama ya kuficha ya Windows kwenye flashi hizo.

Maneno yanasafiri, au boksi linasafiri

Ulaya tatizo hupelekwa kwa msaidizi likiwa maandishi. Hata mikutano ya ana kwa ana ipo: Repair Café, iliyoanza Amsterdam mwaka 2009 kwa juhudi za Martine Postma, sasa iko katika nchi nyingi, na watu hukaa na fundi wa kujitolea wakitengeneza pamoja. Dar es Salaam linalosafiri ni boksi lenyewe, juu ya bodaboda au bajaji, hadi kwa fundi wa mtaa. Faida yake ni kubwa: fundi ana RAM, diski na pawasaplai za kubadilishia, na kwa kubadilisha kimoja kimoja hujua kibovu ndani ya nusu saa, jambo ambalo maandishi hayawezi. Hasara ni kwamba fundi asiyeizoea Linux ana jibu moja tu, yaani kupiga Windows upya, na mafaili huondoka.

Njia hizo mbili hukamilishana. Boksi liende kwa fundi likiwa na karatasi: kilichobadilika mara ya mwisho, kama umeme ulikatika, maneno ya kosa yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, na sentensi moja inayosema diski isifutwe. Wanaosaidiana kwa WhatsApp hutuma picha ya skrini iliyopigwa kwa pembe. Matokeo ya journalctl -b -p err, ambayo huorodhesha makosa tangu mashine ilipowashwa, husaidia zaidi yakitumwa kama maandishi, kwa sababu yanaweza kutafutwa. Kwa mtu wa Hamburg ambaye kompyuta yake inasema Kijerumani, kuandika LC_ALL=C mbele ya amri kwa kawaida huleta ujumbe kwa Kiingereza, lugha ambayo msaidizi wa Temeke anaielewa na ambayo majibu mengi yamekwisha kuandikwa kwayo.

Kwa mpangilio, basi, anayeanza Mbagala hukagua umeme, vifaa, saa, bando, kisha programu. Anayeanza London huugeuza mpangilio huo. Yeyote atakayehama na kompyuta yake ahame na orodha ya mahali aendako.