Kipakatalishi Kisichopakatwa

Wahenga waliusia kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu mwanafunzi huikariri bila ya kutarajia kwamba siku moja itamhusu yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili, mwaka 2021, alipoiuza tarakilishi yake ya mezani na kununua kipakatalishi kimoja chenye nguvu, akikusudia kimfanyie kazi zote, za nyanjani na za chumbani.

Uamuzi wake haukuwa wa kipuuzi. Utafiti wake ulihusu Kivumba, lahaja isemwayo Wasini na Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya. Alihitaji mashine ya kusafiri nayo kutoka Nairobi hadi Shimoni, kisha kuvuka bahari kwa mashua hadi kisiwani Wasini, ambako wanawake wazee walikuwa wamekubali kumwimbia nyimbo za harusi na kumtolea ngano mbele ya kamera. Papo hapo alihitaji mashine yenye uwezo wa kuhariri video na kuzinukuu neno kwa neno kwa programu ya ELAN, iliyobuniwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha kule Nijmegen, Uholanzi. Fedha za mashine mbili hazikuwapo. Mama yake mzazi alikopa katika chama cha akina mama kijijini, tarakilishi ya mezani ikauzwa kwa bei ya kutupa, na jumla ikafika shilingi 120,000.

Ikumbukwe kwamba tamaa ya kuwa na mashine moja ya safarini na ya mezani si ngeni. Mwaka 1981 kulitokea Marekani tarakilishi iliyoitwa Osborne 1. Ilibebeka, naam, lakini ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, haikuwa na betri, na kila ilikofika ilitafuta soketi kwanza. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakipunguza uzito na kuongeza nguvu, hata leo kuna vipakatalishi vinavyouzwa mahsusi kwa ahadi kwamba mnunuzi hatahitaji tarakilishi nyingine.

Kwa mwaka mmoja na zaidi, ahadi hiyo ilitimia. Kisiwani Wasini, mtafiti huyu aliketi barazani jioni, mashine mapajani, akihamisha video za siku nzima huku waliorekodiwa wakijitazama na kuangua vicheko. Jumla alikusanya saa 40. Kwa kuwa saa moja ya video safi yaweza kuchukua gigabaiti 11, mzigo wote ulikaribia gigabaiti 450. Siku ya kuagana, bibi mmoja aliyekuwa mwimbaji mkuu alimshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia, "sauti zetu umezichukua zote. Sisi watuachia nini?"

Swali lile lilimtia haya. Kabla ya kurejea Nairobi alinunua flashi mbili za gigabaiti 64 kila moja, akazijaza nyimbo na ngano ambazo bibi alizipenda zaidi, akamkabidhi mjukuu wa bibi. Kisha, kwa kuwa kadi za kamera zilikuwa za kuazima, alizifuta na kuzirudisha kwa mwenyewe.

Chumbani mwake Nairobi, kipakatalishi kilipata makao. Kiliunganishwa na kiwambo cha inchi 24, baobonye kubwa, kipanya na spika. Kwa kuwa waya zilikuwa nyingi na kuzichomoa kulikuwa kero, hakikuondoka tena mezani. Jina kipakatalishi limetokana na kitenzi kupakata, kuweka mapajani kama mama awekavyo mwanawe. Lakini hiki kilikuwa kipakatalishi kisichopakatwa. Kilikuwa kimegeuka tarakilishi ya mezani bila ya kuwa na mwili wa tarakilishi ya mezani.

Tatizo la kwanza lilikuwa joto. Tarakilishi ya mezani ina kasha pana, feni kubwa na nafasi ya hewa kupita, hivyo kichakataji chake huweza kutumia wati 65 hata zaidi ya 100 bila ya shida. Kipakatalishi hubana kazi kama hiyo ndani ya umbo lenye unene wa vidole viwili. Joto la kichakataji likikaribia nyuzi 100, mashine hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana kazi iliyoanza mbio asubuhi ilikuwa ikijikokota kufikia saa nne. Aliinua mashine juu ya vitabu viwili ili ipumue, akasafisha vumbi la feni, na hali ikawa afadhali kidogo.

Tatizo la pili lilikuja kimyakimya. Betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa pomoni katika joto, na hii ilikaa hivyo usiku na mchana kwa muda wa miezi mingi, kwa maana waya wa umeme haukuchomolewa kamwe. Mapema mwaka 2023 aliona kifuniko cha chini kimetuna. Akaipeleka mashine kwa fundi.

"Dada, mshukuru Mungu," fundi alisema akiitoa betri iliyovimba kama mkate. "Hii ingeweza kuwaka moto."

"Nyingine ni pesa ngapi, fundi?"

Alipotajiwa bei, alitafakari. Mashine haikuwa ikitoka mezani. Mkopo wa mama ulikuwa haujaisha. Je, betri ya nini? Aliondoka bila ya betri.

Hapa ndipo kosa lilipotendeka, wala halikuonekana kuwa kosa. Katika nchi ambamo umeme hupotea bila ya hodi, betri ni kinga ya kazi kabla ya kuwa nyenzo ya safari. Mwenye tarakilishi ya mezani hulazimika kununua kifaa cha pekee cha kuhifadhi umeme, ilhali mwenye kipakatalishi amezaliwa nacho. Kuiondoa betri ile kulikuwa kuuza ngao na kubaki na ala ya upanga.

Mwezi Mei, habari zilifika kutoka Wasini kwamba bibi mwimbaji ameaga dunia.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika takriban kote nchini Kenya. Giza lilikumba hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta. Katika chumba kimoja cha kupanga, mashine isiyo na betri ilikuwa katikati ya kuandika faili kubwa diskini. Ilizimika ghafla. Umeme uliporejea, mashine iliwaka, lakini diski haikusomeka. Fundi aliihangaikia kwa siku tatu, akaokoa vipande vichache tu. Sura mbili za tasnifu zilikuwa salama kwa msimamizi, ambaye alikuwa ametumiwa kwa barua pepe. Lakini saa 40 za sauti na nyuso, mojawapo ikiwa ya marehemu, zilikuwa zimetoweka.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Pwani. Mjukuu wa bibi alimpokea kisiwani, akaingia ndani, akatoka na flashi mbili zilizofungwa katika leso ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na saa 11 zisizo na doa. Mtafiti alilia, na waliomwona walidhani anamlilia bibi pekee.

Tasnifu iliandikwa upya kwa misingi ya saa hizo 11. Saa nyingine 29 hazikurejea, na baadhi ya wasimulizi hawakuwa tena na nguvu za kusimulia.

Kisa hiki hakikusudiwi kuwatia hofu wanafunzi wenye vipakatalishi. Mashine ile ile ingali mezani pake, nayo yafanya kazi. Lakini sasa ina betri mpya, iliyowekewa kikomo cha kujazwa asilimia 80; haiwekwi tena mahali pasipopita hewa; na kila rekodi ina nakala mbili, moja ikiwa katika nyumba nyingine kabisa. Kipakatalishi chaweza kuchukua nafasi ya tarakilishi ya mezani, mradi mwenyewe akumbuke kwamba aliyeweka kazi zote katika chombo kimoja ameziweka pia katika hatari moja. Akiba haiozi, na kwa mtafiti huyu akiba iliyomfaa ni ile aliyoitoa kwa kuona haya.

Kila aendapo Wasini, huchomoa waya zote. Huketi katika baraza ile ile na kukipakata kipakatalishi, nao wajukuu wa bibi humzunguka wakimsikiliza nyanya yao akiimba.