Barafu ya Kajaga na Safari ya Samaki

Atokaye Bujumbura akiifuata barabara iendayo Uvira huiacha bandari nyuma yake, ziwa likiwa mkono wa kushoto, na baada ya kilomita chache hujikuta Kajaga. Mahali penyewe ni tambarare, pa mchanga na matete. Majumba mapya ya watu wenye nafasi yamesimama jirani na vibanda vya wavuvi, na ng'ambo ya maji huonekana milima ya Kongo, ambayo asubuhi huwa ya buluu na jioni hulimeza jua. Mbele zaidi uko mto Rusizi, mji mdogo wa Gatumba, na mpaka. Giza likianza kuingia viboko hutoka majini kutafuta majani, wala hawabagui bustani ya tajiri na shamba la maskini. Ziwa nalo halibagui: lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia vyumbani mwa wote wawili.

Jumapili Kajaga ni ya watu wa mjini. Huja na watoto, na mikeka, na masanduku ya barafu yaliyojaa vinywaji. Siku nyingine ni ya wavuvi na akina mama wachuuzi, nao pia huja na masanduku ya barafu, ila yao hayakuletwa kwa ajili ya starehe. Ndani ya sanduku la mchuuzi umo mtaji wake wote wa siku hiyo, na pengine na wa kesho.

Uvuvi wa Tanganyika hufanywa usiku, hasa usiku usio na mwezi. Mitumbwi miwili huunganishwa kwa miti, taa huwashwa juu ya maji (zamani za karabai, siku hizi za betri), na samaki wakivutwa na mwanga huo hukusanyika juu ya wavu. Alfajiri mitumbwi hurudi. Samaki wanaopatikana kwa wingi ni wa namna mbili. Yupo ndagala, ambaye ndiye dagaa, na yupo mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Ndagala ana rafiki mkubwa, nalo ni jua. Huanikwa juu ya mchanga, au juu ya chanja za waya ambazo ni safi zaidi, na siku ikiwa njema jioni huwa tayari kuingia guniani, akaweza kusafiri mpaka milimani bila haraka. Mukeke hana rafiki huyo. Mwili wake ni mnene, una mafuta, na walaji wa Bujumbura humtaka mbichi, achomwe juu ya makaa na kuletwa mezani na ndizi. Kwake yeye jua ni adui, na tangu saa aliyotolewa majini huwa katika mashindano ambayo asipopata msaada hushindwa kabla ya adhuhuri.

Mgeni huweza kudhani kwamba ziwa lenyewe lingetoa msaada huo, maadam ni ziwa la pili kwa kina duniani, lenye vilindi vya karibu mita 1,470. La hasha. Tanganyika ni ziwa la ajabu kwa jambo hili: juu maji yake huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, na huko chini kabisa, mahali ambapo mwanga haujapata kufika, bado ni zaidi ya nyuzi 23. Hakuna baridi ya kuazima humo. Chupa ya soda iliyofungwa kamba na kuteremshwa majini hupandishwa ikiwa na uvuguvugu uleule. Baridi ya Kajaga yote hutoka katika umeme, nao umeme una siku zake.

Wala si umeme pekee. Kilomita za kutoka Kajaga mpaka masoko ya mjini hazikuongezeka hata moja, lakini njia imerefuka. Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katika sehemu kubwa ya jiji, na tangu wakati huohuo uhaba wa petroli umeufanya msururu wa kungojea basi kuwa sehemu ya safari. Safari iliyokuwa ya nusu saa ikawa ya saa mbili, tatu, au zisizojulikana. Baiskeli iliyokuwa ikimfikisha samaki mlangoni kwa mnunuzi humshusha pembeni mwa mji, akasubiri. Barafu iliyotosha kwa njia ya zamani haitoshi kwa njia ya sasa. Ndiyo sababu elimu ya kuifanya barafu idumu, ambayo kwa mtu wa Jumapili ni jambo la kuburudisha koo, kwa mama wa Kajaga ni jambo la ada ya shule.

Elimu hiyo huanza na hesabu moja. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunywa joto lingaliloweza kuchemsha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Huo ndio utajiri wa barafu, nao umo katika kule kuyeyuka. Watu wengi husifu barafu iliyoganda sana, iliyotoka katika friza ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, wakidhani kuwa itaishi maradufu. Ziada ya ugumu ule ni nyuzi 9 tu za hesabu hiyo, yaani kama sehemu moja ya kumi. Si haba, lakini si muujiza. Kinachoamua maisha ya barafu ni kazi inayopewa.

Tuseme mchuuzi ana kilo 10 za mukeke waliotoka majini wakiwa na nyuzi 27. Kuwashusha hao mpaka sifuri hula kiasi cha kilo 3 za barafu, hata sanduku lingekuwa bora namna gani. Kinachobaki ndicho cha kulinda njiani. Basi huyo mchuuzi akikubali kumbebea jirani yake chupa 12 za bia, zile kubwa za sentilita 72, zilizotoka dukani zikiwa vuguvugu, chupa hizo zitakula karibu kilo 2 na nusu nyingine. Ukarimu huo ni ghali karibu sawa na kubeba mzigo wa pili wa samaki! Vivyo hivyo kwa watu wa Jumapili: kreti ya vinywaji iliyolala usiku ndani ya friji huingia sandukuni kama mgeni aliyekwisha kula, ilhali kreti iliyosimama juani huingia na njaa yake yote.

Sanduku lenyewe pia lina njaa. Lililoachwa uani tangu asubuhi huwa limekusanya joto katika kuta na mfuniko, na barafu ya kwanza kuingia humalizikia huko. Wenye uzoefu hutia humo usiku chupa moja au mbili zilizoganda, kama kafara, na alfajiri huziondoa na kupanga mzigo ndani ya sanduku lililokwisha kupoa.

Kuhusu kuta, siri yake ni hewa iliyofungwa isitembee. Lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni si kitu kingine ila vijumba vidogo vya hewa. Ukuta ukiongezwa unene mara mbili, joto linalopenya hupungua nusu. Asiye na fedha ya kununua sanduku nene aweza kuliongezea nguo lile alilo nalo, na katika bonde la Imbo nguo hiyo hupatikana bure au karibu na bure: ni makapi ya mpunga. Sanduku jembamba likiwekwa ndani ya kubwa zaidi, hata la mbao, na nafasi ya kati ikajazwa makapi makavu, matokeo yake humshangaza mwenyewe. Sharti ni ukavu. Makapi yakilowa huwa njia ya joto badala ya kizuizi, kwa hiyo hufungwa kwanza katika mifuko ya nailoni.

Wala jambo hili si geni duniani. Mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alianza mwaka 1806 kupeleka barafu ya maziwa ya Marekani katika visiwa vya joto, watu wakimcheka. Mwaka 1833 alipeleka merikebu mpaka Calcutta. Tani kama 180 zilipakiwa zikiwa zimezungukwa na unga wa mbao, merikebu ikasafiri miezi minne na kuvuka mstari wa ikweta mara mbili, na tani kama 100 zikashushwa India zikiwa barafu. Hapakuwa na mashine wala umeme katika safari ile. Palikuwa na unga wa mbao, na mzigo ulioshonana.

Kushonana huko ndiko somo la pili. Bonge la barafu lenye pande za sentimita 20 likipasuliwa katika mabonge manane ya sentimita 10, uzito haubadiliki, lakini ngozi inayoguswa na joto huwa maradufu. Mabonge makubwa huishi. Vipande vidogo hufanya kazi haraka na kufa mapema. Mtu wa vinywaji achague bonge. Mchuuzi wa samaki anahitaji yote mawili, na hapa wengi hukosea. Samaki hapozwi na barafu iliyo mbali naye. Hana budi kuguswa nayo. Kwa hiyo barafu iliyopondwa hutandazwa chini, kisha safu ya samaki waliotolewa matumbo na mashavu na kuoshwa, kisha barafu, kisha samaki. Na juu kabisa hulazwa chupa kubwa za plastiki zilizoganda, kwa kuwa hewa baridi huteremka. Vyumba vitupu vinavyobaki hujazwa nguo au karatasi, maana kila mfuniko unapofunguliwa hewa hiyo hutoka na ya moto huingia. Katika nchi za joto kipimo kinachotegemewa ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Akipangwa hivyo mapema, samaki hustahimili wiki moja na zaidi, sembuse safari ya mjini.

Chupa hizo za plastiki hazijazwi mpaka shingoni, kwa sababu maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi na moja na kupasua chombo. Faida yake ni kwamba hazimwagi maji, na kesho hugandishwa tena. Maji ya barafu iliyopondwa, ambayo hubeba damu na utelezi, sharti yapewe tundu la kutokea chini. Kwa vinywaji shauri ni jingine: maji yale bado ni baridi, nayo hukumbatia chupa pande zote kuliko vipande vinavyoweza, basi hakuna haja ya kuyamwaga.

Wapo wanaonyunyiza chumvi wakiona barafu inalegea. Chumvi huifanya kweli iwe na baridi kali zaidi, lakini huiyeyusha upesi. Huifaa kazi ya watengeneza aiskrimu, haifai ya kudumu. (Aiskrimu ndiyo iliyomfikisha Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Tanganyika, katika vitabu vya fizikia: mwaka 1963 alitia maziwa ya moto katika friji yakaganda kabla ya yale ya wenzake yaliyopoa, na mwaka 1969 jambo hilo likachapishwa yeye na Profesa Denis Osborne wakiwa waandishi. Wataalamu wanabishana mpaka leo.)

Lililobaki ni la kivuli. Mchanga wa Kajaga saa sita huunguza nyayo, na sanduku lililoketishwa juu yake hupata joto kutoka chini ambako hakuna anayetazama. Vipande viwili vya mbao vyatosha kuliinua. Gunia lililoloweshwa likifunika sanduku kwenye upepo husaidia kwa njia ileile inayoupoza mtungi wa maji, nayo ni jasho linalokauka. Miezi ya Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, msaada huo huonekana. Masika ni mdogo.

Saa nne ya asubuhi, pembeni mwa mji, sanduku lililotoka Kajaga hufunguliwa kwa mara ya kwanza. Mnunuzi huinama.

"Mama, huyu ni wa leo?"

"Mguse mwenyewe, mwanangu."

Mnunuzi humbonyeza kwa kidole. Nyama ikirudi mahali pake, na jicho likiwa bado limesimama, bei hujadiliwa kwa adabu. Nyama ikibaki na shimo, mjadala huwa wa namna nyingine, na mama hujua kabla ya mnunuzi kusema neno. Mfuniko hushushwa upesi, gunia hurudishwa juu yake.

Jioni sanduku huoshwa kwa maji safi na majivu, hupinduliwa likauke, na chupa zilizoyeyuka hupelekwa kwa jirani mwenye friza. Kama umeme upo, zitakuwa zimeganda kabla mitumbwi haijarudi.