Kasri la Maruhubi Machoni pa Mtu wa Bariadi

Katika utoto wangu huko Bariadi, ambako mto Simiyu hukauka kiangazi hata mama zetu wakafukua mchanga ili wapate maji ya kunywa, ikulu niliyoijua kwa masimulizi ya wazee ilikuwa ya mtemi, ya miti, udongo na nyasi. Na utemi ulipofutwa na Serikali mwaka 1963, fahari ya nyumba zile nayo ilikwisha. Mwalimu wetu aliposimulia habari za makasri ya Unguja, niliamini kwamba jengo la mawe, tena la sultani, halina budi kudumu dahari.

Kwa imani hiyo nilivuka bahari ujanani, nikafika Maruhubi, mwendo wa kilomita 4 hivi kaskazini ya Mji Mkongwe. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alilikamilisha kasri lile mwaka 1882 liwe makao ya masuria wake. Naye kabla ya kutawala aliwahi kuhamishiwa Bombay, baada ya kushindwa kumpindua nduguye Majid mwaka 1859, akarejea na mapenzi makubwa ya ujenzi wa Bara Hindi. Nguzo nene za mawe zilibeba roshani pana ya mbao iliyopokea upepo wa bahari, na ndani mlikuwa na hamamu za namna ya Kiajemi zilizopambwa kwa marumaru. Moto wa mwaka 1899 uliyateketeza yote yaliyokuwa ya mbao, marumaru yakaibwa, na jumba lililoishi miaka 17 tu likabaki nguzo zisizobeba kitu.

Siku ile nilihuzunika, kwa kuwa macho yangu yalitazama nguzo peke yake. Niliporudi katika umri wa utu uzima, niliitazama bustani: miembe ikingali inatoa kivuli, mabirika yaliyomhudumia sultani yamefunikwa na mayungiyungi, na pwani karibu na hapo mafundi wakiunda majahazi. Ndipo nilipotambua kwamba kilichojengwa kwa ajili ya ufahari wa mtu mmoja kilitoweka upesi, ilhali mti na maji vimewafaa watu ambao mwenyewe hakuwadhania kamwe.

Tangu mwaka 2012 Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na majengo ya kiserikali yamesimama mahali tulipochunga ng'ombe. Nayafurahia kwa moyo wote. Lakini nawasihi wenye mamlaka, kwa taadhima, kwamba kila wajengapo ofisi wapande miembe na mikwaju kuizunguka, na kila watengapo fedha za marumaru watenge kwanza za kuchimba malambo, maana katika nchi yetu yenye kiu hakuna urithi wa utawala ulio bora kuliko huo.