Hesabu ya Milango: Binti Zetu na Njia ya Chuo

Watu wa Ufipa si wageni wa hesabu. Mkulima wa Laela ajua magunia aliyovuna mwaka jana na mwaka juzi, na mama auzaye maharagwe sokoni Sumbawanga hakosei hata shilingi moja. Lakini iko hesabu moja tunayoitamka kila siku bila kuipima, nayo ni ya binti zetu waendao vyuoni. Husemwa barazani, "Wasichana wafikao chuo kikuu ni wachache," na neno hilo likiisha kusemwa huwa kama hukumu. Yatupasa kulichungua, maana kwa neno hilo mtoto aweza kuzuiwa nyumbani.

Kwanza tuulize: wachache katika watu gani? Kila mwanafunzi wetu ajua kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Ukisema, "Katika wanafunzi mia wa chuo, wanawake ni kadha," asili yako ni wanafunzi. Ukisema, "Katika wasichana mia wa rika hilo, walio chuoni ni kadha," asili yako ni rika zima, pamoja na wale walio shambani. Wataalamu wa UNESCO hutumia njia hii ya pili: huchukua wanafunzi wote wa elimu ya juu, wa umri wowote, wakawagawanya kwa idadi ya watu wa rika la miaka mitano lifuatalo mwisho wa sekondari. Hesabu hizi mbili si moja. Wakienda chuoni wavulana kumi na wasichana kumi kutoka tarafa nzima, hesabu ya kwanza itasema nusu kwa nusu, nayo ya pili itaonyesha kwamba karibu wote wamebaki nyumbani.

Tena asili haikai mahali pamoja. Katika sensa ya 2012 mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539. Katika sensa ya 2022 walikuwa 1,540,519. Basi mtu aweza kufurahi kwamba wasichana waendao vyuoni wameongezeka, kumbe watu wameongezeka upesi kuliko wao, na sehemu imepungua.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Binti hafiki chuoni kwa hatua moja, hupita milango. Tuhesabu mitano: kumaliza shule ya msingi, kuingia kidato cha kwanza, kumaliza cha nne, kumaliza cha sita, na kupokewa chuoni. Tuchukue mfano wa ubaoni tu, si hesabu ya mkoa wowote. Tuseme kila mlangoni wavulana tisa katika kumi hupita, na wasichana wanane katika kumi. Tofauti ni mtoto mmoja katika kumi, nani ataiona? Lakini zidisha mlango kwa mlango. Katika wavulana mia watafika 59. Katika wasichana mia watafika 33. Bandu bandu huisha gogo. Atakayesimama mlango wa mwisho akayaona hayo atasema kwamba wasichana hawana akili, au kwamba chuo kinawakataa, kumbe wamepunguka kidogo kidogo njia nzima, wengine tangu walipokuwa wakichota maji wenzao wakisoma.

Mzazi mmoja alituuliza hivi: "Mwalimu, mmesema ninyi wenyewe kwamba wengi hawafiki. Kwa nini niuze ng'ombe kwa ajili ya bahati ndogo hivyo?" Binti yake alikuwa amefaulu kidato cha nne, amechaguliwa kwenda cha tano katika shule ya mbali. Tulimjibu kwa ubao ule ule. "Mzee, 33 katika mia ni hesabu ya mtoto asiyepita mlango hata mmoja. Huyu wako amekwisha kupita mitatu. Imebaki miwili, na katika mfano wetu wapitao miwili ni 64 katika mia. Wamhesabu binti yako pamoja na wale walioachia njiani, naye hakuachia." Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza bei ya godoro na nauli. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa imeondolewa tangu 2022, lakini godoro na nauli havikuondolewa.

Wenye elimu ya takwimu huendelea mbele zaidi. Huyakusanya mambo mengi pamoja, yaani umbali wa shule, elimu ya mama, mali ya nyumba na idadi ya watoto, wakatafuta uzito wa kila moja. Kazi hiyo yafanana na ya mkulima atakaye kujua nguvu ya mbolea: hulinganisha mashamba mawili yaliyo sawa kwa mbegu, udongo na mvua, yakitofautiana kwa mbolea tu. Nao hawachori mstari ulionyoka kwenda juu daima, maana sehemu haiwezi kupita mia katika mia. Huchora mstari uliopinda, uanzao polepole, ukapanda upesi, kisha ukatulia.

Lakini hesabu isiyojua sheria za nchi itapotea. Makerere ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945. Hapa kwetu Azimio la Musoma la 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Wanawake wakapungua, hata ikabidi wasamehewe sharti hilo. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu ya kuingilia. Na Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliwafungulia njia ya kurudi shuleni wasichana waliokatizwa masomo kwa uzazi. Katika mambo hayo yote akili za wasichana hazikubadilika, ilibadilika milango.

Wazee wetu wa Ufipa hufukia majani katika matuta ya ntumba, yakaoza, na mavuno yakaja msimu wa baadaye. Asiyeliona jani lililofukiwa hataijua asili ya mavuno. Basi tukiketi tena katika mkutano wa wazazi, tusiulize tu, "Wangapi wamefika chuoni?" Tufungue daftari la kijiji, tuandike mlango kwa mlango: wangapi waliufikia, wangapi waliupita, na wale waliobaki wamezuiwa na nini. Mlango uliopunguza wengi ndio wa kuanzia kazi, nao mara nyingi u karibu na nyumba zetu kuliko chuo.