Nakala ya Meru

Kila tunapokutana, msimamizi wa tasnifu yangu huniuliza pengo la utafiti liko wapi. Jibu langu la kitaaluma lina tanbihi nyingi. Lile la kweli lina upana wa kaunta ya kituo cha polisi.

Kesi ninayoiandikia ilianza Oktoba 2012, pale wasichana 11 walionajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International lililowapa hifadhi, walipopeleka ombi Mahakama Kuu ya Meru. Kwenye faili hawana majina, ni herufi tu. Watu huiita kesi ya wasichana 160, kwa sababu walioumia ni wengi kuliko walioshtaki.

Kilichonivuta ni nani aliyeshtakiwa. Si wanaume waliowatendea unyama ule, bali Kamishna wa Polisi na maafisa wengine wa serikali. Wasichana walikuwa wameripoti. Wakakutana na askari waliodai pesa za mafuta, wakataka mashahidi kabla ya kuchunguza chochote, au wasiandike hata neno. Hoja ya mawakili ilikuwa kwamba mtoto anayeripoti kisha akarudishwa nyumbani ameumizwa mara mbili, na mara ya pili aliyemuumiza ni serikali. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau aliikubali. Alisema polisi, kwa kutotekeleza sheria iliyopo, walichangia kuifanya jamii ivumilie uovu huo, na akawaamuru wachunguze malalamiko hayo ipasavyo.

Wanafunzi wenzangu hupenda Kifungu cha 53 cha Katiba, kile cha maslahi ya mtoto. Mimi nakipenda cha 22, kinachomruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe. Bila hicho, 53 ni maneno matamu tu.

Sasa, kaunta. Shangazi yangu hujitolea kusaidia ofisi ya watoto katika kata yetu. Aprili 2023 nilimsindikiza, yeye na mama mmoja na bintiye wa miaka minane. Askari alisikiliza huku akichezea kalamu, kisha akasema gari lipo ila tangi ni kavu, mama aone atakavyosaidia.

Miaka kumi kasoro mwezi mmoja!

Shangazi hakupandisha sauti. Alitoa kwenye mkoba nakala ya hukumu, imechakaa kwenye mikunjo, akaitandaza juu ya kitabu cha matukio. "Afande, soma hapa nilipopiga mstari." Alisoma. Akamwita mwenzake, naye akasoma. Tulitoka na nambari ya OB na fomu ya P3. Mshukiwa alikamatwa wiki tatu baadaye, na kesi imeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba mama huyo ameacha kuomba ruhusa kazini. Siku ikifika anatoka tu.

Nimejaribu kuliingiza tukio hilo kwenye sura ya nne. Msimamizi anasema si data.

Ndani ya matatu, siku ile ya kwanza, mama aliniuliza wale wasichana wa Meru wana umri gani sasa. Nilimwambia mdogo wao alikuwa na miaka mitano, kwa hiyo labda yuko kidato cha tatu. Akamtazama bintiye aliyelala pajani, akaanza kuhesabu kwa vidole.