Maswali saba ya mkojo

Najua nimepotea, na kuna walioniandikia wakiuliza kama nimeacha kublogu au kama mhariri amenifunga mdomo. Hapana. Nilikuwa na mgeni. Mgeni mwenyewe ni baba yangu mzazi, na habari ya leo ni ya mkojo wake. Kama uko mezani, maliza kwanza kula.

Ruhusa nimeomba. Alifikiri kidogo akasema, "Andika. Ila usitaje shule niliyofundisha."

Haya. Baba ana miaka 71, mwalimu wa hesabu mstaafu, anaishi Songea na Mama. Mwishoni mwa 2024 aligundulika ana saratani ya tezi dume. Bahati nzuri ilikuwa haijatoka nje ya tezi. Akaanzishiwa sindano za homoni, kisha akapangiwa mionzi Dar es Salaam, vipindi 20, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki nne. Mtu anasafiri zaidi ya kilomita 900 kwa sababu mashine za mionzi haziko kila mkoa. Kwa miaka mingi nchi nzima ilikuwa inategemea Ocean Road peke yake, mpaka Bugando pale Mwanza nao walipoanza. Sasa afikie wapi? Kwa mwanawe mwandishi wa habari. Mnajua mishahara yetu. Kwangu ni chumba kimoja Kimara, nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, kiko uani.

Kabla ya mionzi kuanza daktari alituketisha. Mimi nilikaa kiti cha pembeni na bahasha ya vipimo, na nesi mmoja, binti wa umri wangu, alikuwa anajaza fomu. Fomu ina maswali saba. Je, ukimaliza kukojoa unahisi kibofu hakijaisha? Je, unarudi tena chooni kabla ya saa mbili kupita? Mkojo unakatika katikati? Ukibanwa unaweza kusubiri? Unatoka kwa nguvu au unachuruzika? Unajikamua ili utoke? Usiku unaamka mara ngapi? Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 5, kwa hiyo jumla inaweza kufika 35. Mpaka 7 tatizo ni dogo, 8 hadi 19 ni la wastani, 20 na kuendelea ni kubwa.

Baba alijibu kama mtu anayekaguliwa na mkaguzi wa shule. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Swali la usiku alisema, "Mara moja moja hivi, kama nimekunywa chai." Jumla akapata 4.

Daktari akatazama karatasi ya utrasaundi, akamtazama Baba. Tezi dume ya kijana ina ujazo wa mililita 20 hivi, sawa na ndimu ndogo. Ya Baba, kabla ya sindano, ilikuwa 80, yaani chungwa dogo. Akamwuliza tena, kwa upole: "Mzee, una hakika mkojo hausumbui? Kuna vidonge tunaweza kukuanzishia mapema." Baba akasema hakuna haja. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwauliza waheshimiwa maswali wasiyoyapenda na nikidanganywa nauliza tena, nilitazama bahasha.

Nieleze kidogo, maana hata mimi sikuwa najua, na nina digrii. Kuvimba kwa tezi dume uzeeni na saratani ya tezi dume ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza siyo kansa kabisa, kinawapata wanaume wengi tu wakishavuka miaka 50. Lakini mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na hapo ndipo penye mtego. Njia ya mkojo inapita katikati ya tezi, kama kidole ndani ya pete. Tezi ikikua, pete inabana. Sasa mionzi, pamoja na kuua seli za kansa, inachubua tezi yenyewe, njia ya mkojo na shingo ya kibofu, vyote vinavimba kwa muda. Mwenye nafasi ataona mkojo unawasha, anaenda mara nyingi, basi. Ambaye pete ilikuwa imeshabana, uvimbe huo mdogo unaweza kuziba kabisa. Ndiyo maana wanauliza yale maswali kabla. Kuna wa kupewa vidonge vya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, kuna wa kupunguziwa tezi kwanza kwa homoni, na kuna wa kufanyiwa upasuaji wa kukwangua njia, apone, ndipo aanze mionzi. Homoni Baba alikuwa amepata. Hayo mengine yalitegemea atakachosema mwenyewe.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa shwari. Tunapanda mwendokasi alfajiri, tunashuka Kivukoni, namwacha hospitalini naenda kazini. Wiki ya tatu nikaanza kusikia komeo la mlango usiku. Kaa! Linafunguka. Baada ya muda, kaa! Linafungwa. Nililala upande wangu nikijifanya nimelala, nikihesabu. Usiku mmoja nilifika saba. Nikanunua kopo lenye kifuniko nikaliweka karibu na godoro lake bila kusema neno. Asubuhi nikalikuta liko palepale, kavu, limefunikwa na gazeti langu.

Alikuwa amegundua dawa yake mwenyewe: hanywi maji kuanzia saa sita mchana. Anakunywa chai tu, maana chai kwake siyo maji, ni haki ya mwalimu. Ni vibaya pande zote mbili. Mkojo ukikolea unaunguza zaidi, na chai inakichokoza kibofu. Na kumbe hospitalini nako kila siku anatakiwa kukojoa, kisha anywe maji vikombe kadhaa, abane nusu saa hivi ndipo alale kwenye mashine, kwa sababu kibofu kikijaa kinajisogeza juu, sehemu yake kubwa inakuwa nje ya njia ya mionzi. Fikiria mtu ambaye hawezi kubana dakika tano.

Nikampigia Mama. Nilizunguka weee, nikauliza mvua, nikauliza mahindi. Mwisho nikauliza, "Mama, Baba huko nyumbani usiku alikuwa anaamka mara ngapi?" Mama akanyamaza kidogo. "Mara tano, mwanangu. Miaka mitatu sasa. Alinikataza nisiseme."

Usiku wa kuamkia Ijumaa ya wiki hiyo hiyo komeo halikulia. Niliamshwa na pumzi. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti, jasho linamtoka. Tangu jioni mkojo ulikuwa hautoki hata tone. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limetuna, gumu. Hakuniita. Alikuwa anasubiri kupambazuke.

Sitaitaja hospitali tuliyokimbilia na bajaji usiku ule, walitupokea vizuri. Daktari wa zamu akampitishia mpira wa mkojo. Mimi nilitakiwa kushika taa ya simu, kwa sababu ya pale kitandani ilikuwa inafifia. Nitawaambia ukweli: sijawahi kumwona baba yangu akiwa hana nguo, na nilipokuwa nashika ile taa nilitazama ukutani, kalenda ya kampuni ya dawa, mwezi uliopita. Nikasikia mkojo unaingia kwenye mfuko. Uliendelea kwa muda mrefu sana. Baba akafumba macho akasema, "Asante sana, kijana wangu." Mpaka leo sijui alikuwa anamshukuru daktari au mimi.

Alikosa vipindi viwili, vikasogezwa mwisho. Wakampima mkojo kama kuna maambukizi, hayakuwepo. Akaanzishiwa vile vidonge, anameza kila siku baada ya chakula, na akaonywa asisimame ghafla maana vinaweza kuleta kizunguzungu. Mpira ukakaa siku tisa huku akiendelea na mionzi. Siku ya kujaza tena ile fomu, nikanyanyua bahasha yangu niingie naye kama kawaida. Akanisimamisha mlangoni. "Wewe kaa hapa."

Basi nikaketi kwenye benchi na wazee wenzake, kila mmoja na chupa yake ya maji. Jamani, pale benchi hakuna aibu! Mzee mmoja wa Tanga alikuwa anatangaza idadi yake ya usiku kama anasoma matokeo ya uchaguzi. Mwingine akamjibu kwamba yeye akisikia tu bomba la maji linafunguliwa amekwisha. Wakaanza kumsimanga Baba kwa kutokuwepo: "Yule mwalimu wenu wa nane, leo yuko wapi?" Nikauliza wa nane ndiyo nini. Ni mara nane. Walikuwa wanajua tangu wiki ya tatu. Aliwaambia watu aliokutana nao kwenye benchi, akanificha mimi niliyelala mita mbili kutoka kwake.

Niliumia, sitaki kuficha. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nilipitia kwa Mama, kwa njia ya mahindi.

Miaka ile nikiwa mdogo Baba alipenda sana kutusimulia habari za Mandela. Hajawahi kutusimulia kwamba mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, Mandela alitolewa gerezani kwenda kufanyiwa upasuaji wa tezi dume iliyovimba, wala kwamba Julai 2001, akiwa na miaka 83, ilitangazwa kwamba ana saratani ya tezi hiyo hiyo na akapata mionzi wiki saba. Nilimsomea hayo jioni moja kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na yeye aliwekewa mpira?" Nikasema hilo sijalikuta. "Endelea kutafuta," akasema. "Wewe si mwandishi?"

Mpira ulitolewa, akakojoa mwenyewe. Alimaliza vipindi vyote 20 akapanda basi kurudi Songea na kopo langu ndani ya begi. Daktari alituambia uvimbe hauondoki siku mashine inapozimwa, unaweza hata kuongezeka wiki moja mbili kabla ya kupungua polepole, na kwamba akiona damu kwenye mkojo, hata miaka ijayo, arudi asijitibu.

Ile fomu ya pili aliiacha kwenye meza yangu, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Alama 24. Chini ya yale maswali saba kuna la nane ambalo halijumlishwi: ukiambiwa utaishi na mkojo huu ulivyo sasa maisha yako yote, utajisikiaje? Hapo hakutia alama. Ameandika kwa kalamu, kwa ule mwandiko wa ubaoni, "Tuache kwanza."

Juzi amenipigia. Miezi miwili imepita. Sikuuliza mvua. Nikamsomea maswali moja baada ya jingine, naye akajibu, nasikia Mama kwa nyuma anamsahihisha: "Siyo moja, ni mbili!" Jumla 9. Nikafika la nane.

"Hilo," akasema, "ukija Desemba."